Usirudi: Safari ya Ibaba kwa Ajili ya Kaseti Moja

Safari hii niliifunga kwa sababu ya neno moja. Nilikuwa nafundisha umeme katika chuo kimoja Mbeya, na wakati huohuo nasomea namna ya kutenganisha sauti zilizochanganyika. Tumpe Kibona, mama anayeuza vitenge Tunduma, alipata habari hizo kwa mwanafunzi wangu akanipigia simu.

"Mwalimu, baba yangu yumo ndani ya kaseti, ila mashine imemfunika."

Nikamwambia nitafika Ijumaa.

Tunduma, saa nne asubuhi. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yameziba barabara, hivyo kilomita mbili za mwisho nilitembea kwa miguu, nikafika kabla ya basi langu. Tumpe alinipa kiti kati ya majora ya vitenge, akanieleza. Kwao ni Ibaba, milimani Ileje, familia ya Wandali waliolelewa kanisani. Miaka sita nyuma aliolewa na Hamisi, Mwislamu wa Kondoa mwenye lori. Baba yake hakuja arusini. Masika yalipoanza, mzee alimtumia kaseti, maana kuandika kulimshinda na mtandao wa simu ulikuwa haujafika Ibaba. Aliirekodia nyumbani, na nyuma ya ukuta kaka yake Tumpe, Lusekelo, alikuwa na mashine ya kusaga.

"Neno lililosikika ni moja tu," alisema. "Usirudi."

"Ukafanyaje?"

"Sikurudi. Mwaka uliofuata akafa. Hata kuzika sikwenda."

Mchana ule, gesti, niliihamishia kaseti kwenye kompyuta. Kwanza nilijaribu kuukata mlio wa mashine kama tunavyoukata mvumo wa umeme redioni: unatafuta mahali ulipo, unauondoa. Haikusaidia, kwa sababu mlio wenyewe hautulii. Mahindi yakimiminwa, mashine inalemewa na mlio unashuka, yakiisha, unapanda. Ukipima kaseti nzima kwa mkupuo, mlio huo unaonekana umetapakaa kila mahali, hata juu ya sauti ya mzee.

Njia niliyokuwa nikiisomea hukata sauti vipande vifupi vinavyopandiana, na kila kipande hupimwa peke yake. Ukivipanga kwa mfuatano unapata picha inayoonyesha mlio upi ulikuwapo wakati gani. Mashine inatokea kama mstari unaopanda na kushuka, na mstari unaweza kuufuata na kuutoa. Tatizo ni urefu wa kipande. Kikiwa kirefu unaujua mlio vizuri, lakini hujui ulibadilika lini. Kikiwa kifupi unajua lini, lakini hujui ni mlio gani. Profesa wangu alisema ugonjwa huo hauna dawa, unachagua tu maumivu. Ili nichague vizuri nilihitaji kuisikia mashine ikifanya kazi bila mtu kuzungumza.

Jumamosi nilipanda pikapu ya abiria kupitia Isongole na Itumba. Ibaba nilifika saa nane mchana, baridi ikiwa imekwisha kunishika masikio. Mama yake Tumpe alipokea shikamoo yangu, akanipa uji. Lusekelo alikuja amejaa unga mpaka kwenye nyusi.

"Umetoka Mbeya kuja kurekodi mashine?"

"Ndiyo, kaka."

"Ni mbovu."

"Hiyohiyo ndiyo ninayoitaka."

Aliiwasha. Niliirekodi ikiwa tupu, kisha ikisaga nusu debe, kisha debe zima. Wateja walinitazama kwa heshima, wakidhani nimetumwa na serikali kuifunga.

Jumapili, baada ya ibada, niliweka kompyuta juu ya meza ya mama. Nilikuwa nimebakiza betri ya saa moja. Nilijaribu vipande virefu, sauti ya mzee ikatoka kama ya mtu aliye kisimani. Nikafupisha, nikafupisha tena, nikaufuata ule mstari mpaka mwisho, nikautoa. Kisha nikamwita mama na Lusekelo.

Mzee Kibona alisema: "Tumpe mwanangu. Usirudi masika haya, daraja limekwenda na maji. Ngoja mwezi wa saba, njia ikauke. Uje na mumeo, nimwone. Nasema Kiswahili ili na yeye asikie."

Lusekelo alitoka nje bila kuvaa viatu. Mama akasema, "Mwezi wa saba wote ule alikuwa anakaa pale nje. Nikimuuliza anangoja nini, anasema anaota jua."

Jumatatu nilirudi Tunduma, na Lusekelo akaja nami. Tumpe na Hamisi walisikiliza dukani, mlango umerudishwa. Tumpe aliirudia mara tatu.

"Dada," alisema Lusekelo, "uliponiandikia barua ya kuuliza, nilikujibu baba kasema alichosema. Sikwenda kumuuliza. Nilisikia kama ulivyosikia wewe."

"Najua," alijibu Tumpe. Lakini hakumtazama.

Hamisi aliuliza kama daraja lilijengwa tena. Lusekelo akasema lilijengwa. Hamisi akauliza linabeba tani ngapi.

Mbeya, Jumanne. Niliandika ripoti ya chuo kwamba mlio unaobadilika hufuatwa hatua kwa hatua, haukatwi kwa mkupuo. Nilipata alama nzuri. Nililojifunza zaidi halimo katika ripoti: ukiletewa neno la kukukataza, mfuate aliyelisema umuulize, hata kama njia ni tope. Kutoka Tunduma hadi Ibaba ni safari ya nusu siku.

Walikwenda Jumamosi iliyofuata, pamoja na watoto wao wawili. Tumpe alinisimulia kwa simu. Alisema alilia mpaka akachoka. Halafu Hamisi alivua kofia, akasogea mbele ya kaburi, akajitambulisha: jina lake, jina la baba yake, kwao ni Kondoa, kazi yake ni udereva.