Fundi Asiyependa Waya Unaoning'inia

Kila betri, hata mpya, fundi wa redio wa mtaa wa Murara aliipuliza kwanza, kama uji wa moto. Mikono yake haikuwahi kuona shaka. Nilimpelekea ndege ndogo aliyoichonga marehemu mume wangu, iliyokuwa ikipoteza mawimbi ikiwa mbali na rimoti. Aliijaribu palepale mezani, rimoti karibu iguse bawa, akatangaza imepona. Kisha akauona waya wa antena unaning'inia, akaukata.

"Wa nini huo?" niliuliza.

"Wa kupamba tu, mama."

Jioni ndege ilipaa, ikaacha kuisikia rimoti, ikapasukia kwenye mawe ya volkano. Nilimrudishia vipande. Hakuvitazama; aliutazama mlima Nyiragongo.

"Mama, ile mulima njo inakulaka rezo, mawimbi yote. Ungeirushia kule mbali, Bunagana."