Maganda Matatu ya Delmas Coots

Kwenye mazishi yetu, risasi zikishalia, watu wote huinua macho juu kana kwamba mlio umepaa nao wanausindikiza. Mtu mmoja tu alikuwa akiangalia chini. Huyo ni Orrin Tackett. Alikuwa anaangalia majani, aone maganda yameangukia wapi.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake katika kikosi chetu cha mazishi, sisi askari wa zamani wa bonde hili, mashariki ya Kentucky. Akifa mtu aliyewahi kuvaa gwanda, tunakwenda makaburini na bunduki za kizamani, tunapiga risasi baridi, za mlio tu, hewani mara tatu. Kisha Orrin anainama na magoti yake mabovu, anaokota maganda matatu yangali na moto, anayafuta kwa leso, na kuyachomeka ndani ya bendera wakati inakunjwa. Bendera hukunjwa pembetatu, kisha hukabidhiwa mjane. Na kila mjane niliyepata kumwona alifanya jambo lile lile bila kufundishwa na mtu. Hupitisha kidole gumba kwenye kona ya bendera, anapapasa, mpaka ayasikie yale maganda. Hapo ndipo hulia.

Tarumbeta nayo ilikuwa ya Orrin. Wapiga tarumbeta wa kweli walituishia zamani. Hii yetu ina kimashine ndani na betri. Unabonyeza kitufe, unaiweka mdomoni, unatunisha mashavu. Orrin alitunisha vizuri mno, wageni walikuwa wakija kumpa mkono na kumsifu kwa pumzi zake.

Sasa mtaniuliza, mwanamume aliyepigana vita, mbona aliokota maganda wala hakushika bunduki? Ngojeni niwaambie.

Serikali ilimpa Orrin bunduki akiwa na miaka kumi na tisa. Ikampeleka Vietnam, ikamvisha nishani kwa jinsi alivyoitumia. Miaka ishirini baadaye mgodi wa makaa ukafungwa, naye akapanda bangi katikati ya mahindi yake, kama walivyofanya nusu ya watu wa bonde hili. Kosa la Orrin ni kwamba bangi yake ilirefuka kuliko mahindi, na helikopta ikapita. Akafungwa miaka mitatu. Alipotoka akaambiwa asiguse bunduki wala risasi mpaka siku ya kufa kwake. Hakuwa amempiga mtu. Hakuwa amemtishia hata kuku.

Kwetu, Novemba ikifika, mchungaji mwenyewe hufupisha mahubiri maana anajua waumini wanawaza kulungu. Orrin miaka yote hiyo alikaa barazani na mkewe Ona, akisikiliza milio ya milimani. "Huyo Burl," alikuwa anasema. Burl ni mimi. "Amekosa." Na kweli, nilikuwa nimekosa.

Jumamosi alikuja nasi kwenye uwanja wa shabaha wa klabu. Alikaa kwenye benchi la nyuma, kikombe cha kahawa amekishika kwa mikono miwili. Mnielewe hapo. Kwetu mtu akitaka kufunga kamba ya kiatu humpa jirani bunduki amshikie, hata haangalii anampa nani. Ni adabu tu. Ndiyo maana Orrin hakukiacha kile kikombe, hata kikiwa kitupu. Kutoka pale benchini alikuwa akitufundisha. "Burl, unavuta kama unang'oa jino. Minya, bwana." Sote tulijua habari zake, tangu mwenyekiti mpaka mbwa wa getini. Hakuna aliyewahi kuziandika.

Kikosi kilianza na watu saba. Wakafa mmoja mmoja, tukabaki watatu wenye bunduki: Estill Fugate, ambaye ndiye kiongozi wetu na ndiye mwenyekiti wa klabu, mimi, na Delmas Coots. Kisha Delmas naye vumbi la makaa likamjaa mapafuni, akawa anaishi kwenye kiti chake na mrija wa hewa puani. Siku moja Orrin na mimi tukaenda kumwona. Mkewe, Verlie, alikuwa ametuwekea maharage na mkate wa mahindi.

"Mkulima," Delmas alimwambia Orrin. Ndivyo alivyomwita tangu ile kesi. "Nikifa mimi wanabaki wawili. Estill, na huyu Burl anayefumba macho akipiga."

"Sifumbi," nikasema.

"Unafumba. Nyamaza ule. Bunduki mbili si heshima, Mkulima, bunduki mbili ni watu wanawinda sungura. Nataka tatu. Nataka wewe uwe wa tatu."

Orrin akacheka. "Utaoza wewe na bado mimi ni mhalifu."

"Mimi sicheki." Delmas alisubiri pumzi irudi. "Nani alinitoa kwenye lile tope la Vietnam, ni Burl? Kuna msamaha wa gavana. Umeshawahi kuuomba?"

"Sijawahi."

"Miaka thelathini na moja hujawahi kuuliza! Uliza basi, mtu wewe. Kuuliza si ujinga."

Verlie alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. "Mfanyie hivyo, shemeji," akasema. "Hajaniomba kitu kingine mwaka huu mzima. Hata supu haombi."

Orrin akaweka kijiko chini. "Haya. Nitauliza."

Nilimpeleka mimi mjini kwa wakili, binti mpole aliyesaidia maskini, mwenye picha za paka ukutani. Fomu ilikuwa na kurasa tisa. Walikwenda vizuri mpaka swali lililosema: tangu uhukumiwe, umewahi kuwa na bunduki au risasi? Orrin akasema hapana, kwa sauti ya mtu anayetoa cheti.

"Na hiki kikosi cha mazishi," wakili akauliza, "wewe unafanya nini hasa?"

Orrin akamweleza kwa fahari. Leso, maganda, bendera, vidole gumba vya wajane. Miaka kumi na nane, mazishi mia mbili na kitu. Nilimwona binti yule akiweka kalamu mezani polepole.

"Mzee Orrin," akasema, "jinsi sheria ya Washington ilivyoandikwa, ganda nalo ni risasi."

"Ganda tupu?"

"Tupu."

"Lililokwisha kulia?"

"Haijali, mzee. Sidhani kama kuna mwendesha mashtaka angekushtaki kwa hilo. Lakini sasa umeniambia, na hapa unatakiwa uape."

Ningekuwa mimi ningeapa. Nawaambia ukweli, ningeapa na kwenda kula. Orrin aliizungusha kofia magotini, halafu akasema: "Andika ndiyo. Andika maganda, kwenye mazishi, sikujua, sitarudia." Wakili akaandika. Njiani kurudi, darajani, aliniomba nisimamishe gari. "Burl, kuanzia leo utaokota wewe," akasema, akanipa ile leso.

Pigo la pili lilitoka kwa Estill. Fomu ilitaka barua za watu wenye heshima, na Estill, kwa moyo mzuri kabisa, akaandika barua ndefu kwenye karatasi ya klabu, yenye nembo: namfahamu Orrin Tackett, najua kosa lake la mwaka themanini na nane, huja uwanjani kwetu kila Jumamosi na hajawahi kutuvunjia sheria. Katibu akatia nakala kwenye jalada, maana makatibu ndivyo walivyo. Mwezi uliofuata kampuni ya bima ikatuma maswali yake ya kila mwaka. Swali mojawapo: je, klabu inamjua mtu yeyote mwenye hatia ya namna hiyo anayeingia uwanjani? Miaka yote tulijibu hatumjui. Sasa kulikuwa na karatasi, ina nembo na sahihi ya mwenyekiti, ikabidi tujibu tunamjua.

Jumamosi moja Orrin akafika na kikombe chake, akamkuta Estill amesimama getini.

"Usinifanye niseme, Orrin."

"Useme nini?"

"Bima. Wanasema usivuke geti. Hata benchini."

"Hata benchini?"

"Wakitufutia bima tunafunga uwanja. Watu mia na arobaini, ndugu yangu."

"Barua yako ilisema mimi mtu mwema, Estill. Niliisoma. Nilikaribia kulia, mpumbavu mimi."

"Ndiyo hiyo barua iliyoniponza. Kama usingeomba, mimi nisingeandika. Na nisingeandika, nani angejua?"

Orrin alimwaga kahawa yake changaraweni, akakung'uta kikombe mpaka tone la mwisho. "Kwa hiyo tulikuwa salama tulipokuwa waongo," akasema. Akarudi kwenye gari. Kesho yake nilimkuta amekaa barazani, lakini hata mlio ukisikika hakutaja tena ni wa nani.

Ofisi ya gavana ilijibu mwezi Oktoba. Barua ya mistari minne: ombi lako limepokelewa, litashughulikiwa kwa zamu yake, tafadhali usipige simu. Orrin akampelekea Delmas, naye akamwambia Verlie aibandike kwenye friji. Alikuwa akiiangalia kutoka kitini. "Zamu yake," alisema. "Na mimi nina zamu yangu." Alifariki wiki ya pili ya Desemba.

Estill alikuwa amepanga. Kikosi cha kata ya jirani kiliahidi kutupa mtu mmoja, na bunduki ya tatu tuliilaza kwenye buti ya gari ikimngoja. Siku yenyewe barafu ikashika barabara ya mlimani. Tulisimama makaburini, jeneza limefunikwa bendera, mchungaji amekwisha kuomba mara mbili ili kuvuta muda. Simu ya Estill ikalia. Akasikiliza, akaizima.

"Gari lao liko mtaroni," akasema. "Hakuna aliyeumia. Lakini haji."

Hapo Verlie akainuka kwenye kiti chake cha mbele na kuja mpaka tulipokuwa. Mwanamke mfupi, koti la mumewe limemfika magotini.

"Bunduki ya tatu iko wapi?"

"Kwenye gari, mama," Estill akasema, "ila mtu ndiyo hatuna."

"Mtu huyu hapa." Alimwelekea Orrin, aliyekuwa ameshika ile tarumbeta. "Shemeji, ni risasi baridi tu zile. Hazimuui hata nzi."

Naibu sherifu alikuwepo, mpwa wa Delmas mwenyewe, kijana mkubwa mwenye masharubu. Akavua kofia, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona. "Mimi leo baridi hii imenitia machozi," akasema. "Sioni kitu."

"Wewe huoni, mwanangu," Orrin akamjibu, "lakini hesabu hizo simu." Kweli wajukuu na binamu walikuwa wameshainua simu zao, wanarekodi, ili wamkumbuke babu. "Na si hilo tu. Nimeandika ndiyo pale walipouliza kama nimeshika, nikaapa sitarudia. Kile kiapo ndicho kitu pekee walichoniachia. Nikikamatwa, nani atamwinua Ona kitandani, na miguu yake haimbebi tena?"

"Alikwambia anataka tatu," Verlie akasema. Sauti haikupanda. "Ulikula maharage yangu ukasema haya."

"Nilisema nitauliza, Verlie. Niliuliza."

"Ulimbeba kwenye tope la watu wengine huko, risasi zinakupita masikioni. Leo unaogopa karatasi."

"Ndiyo," Orrin akasema. "Karatasi ndiyo naiogopa."

Verlie akageuka kwetu mimi na Estill, na bunduki zetu mbili. "Basi msipige. Hakuwa sungura." Akarudi kukaa.

Hatukupiga. Estill alitoa amri ya kuweka silaha chini, nasi tukaziweka kwenye theluji. Orrin akabonyeza kitufe. Tarumbeta ikaimba ule wimbo wa kulaza askari, safi kama ulivyorekodiwa na mtu tusiyemjua, na kwa mara ya kwanza hakutunisha mashavu. Aliishika tu mbele ya kifua, ijulikane ni mashine.

Tukakunja bendera, mimi upande mmoja, yeye upande wa pili. Ilipofika mahali pa kuchomeka, mikono yake ilisita yenyewe, kama mguu unaotafuta ngazi isiyokuwepo. Leso ilikuwa mfukoni mwangu, kavu. Tukamaliza kukunja. Zamu ya kukabidhi ilikuwa yake. Delmas ndivyo alivyotaka, na hilo halikatazwi na mtu. Akapiga goti lile bovu mbele ya Verlie, akasema yale maneno anayoambiwa kila mjane, ya taifa lenye shukrani, akaiweka mapajani mwake.

Kidole gumba cha Verlie kikapita kwenye kona ya bendera. Kikarudi, kikabonyeza. Kikaenda kona ya pili, kikapapasa pole pole mpaka mwisho wa mshono, na ya tatu.

"Nyepesi," akasema.

Hakulia. Orrin alibaki pale chini muda mrefu, hata ilibidi mimi na naibu sherifu tumshike makwapani kumwinua.