Kaseti ya Japani Haikuingia Nizwa

Mtu wa kwanza niliyemuua nilimuulia Ibra, mji wa Oman, barazani kwangu, kwa dole gumba la mkono wa kulia, na wali uko jikoni unaungua. Alikuwa mfupi, kavaa suruali nyekundu, na alipoanguka alitema damu mara tatu. Nikapiga kigelegele. Kaka yangu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umemtoa roho ya mwisho!" akanambia. "Sasa mngoje mwenzake. Huyo ana gongo."

Hivyo ndivyo gemu lilivyoingia nyumbani kwangu, miaka ya themanini. Siku hizi wajukuu zangu wanagombana juu ya kampuni ya Kijapani iliyolitengeneza, nini kilitoka makao makuu na nini kilitoka kwenye tawi lake la Amerika, na wanayasoma hayo kwenye simu kama wanasoma tarehe ya wafalme. Mimi skuli nilikaa miaka miwili tu, Unguja, baba akanitoa. Lakini historia ya kampuni ile nawashinda wote. Wao wameisoma. Mimi imenipiga.

Kaka yangu alikuwa fundi wa televisheni. Muagizaji mmoja wa Maskati alimpeleka Japani miezi mitatu kujifunza, na aliporudi akaja moja kwa moja Ibra na mashine ile, kaifunga ndani ya mashati yake. Nyeupe, ndogo, na kaseti zake ndogo kama vibao vya sabuni. Tuliziita kaseti ijapokuwa hazina utepe ndani. Maandishi yote ya Kijapani, hakuna aliyejua kusoma hata herufi, na hatukuhitaji. Mtu anakuja kukupiga, unampiga. Una roho tatu. Zikisha, umekufa, mpe mwenzio.

Kaka ndiye aliyenihadithia. Ati kampuni ile ilianza na vichezeo vya bati, vya kutia ufunguo, askari na ndege. Vichezeo vikaacha kuuzika, wakaingia kwenye mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, zinawekwa mikahawani, na watu wazima wakitoana meno kwa kugombea zamu. Halafu wakaipunguza ile mashine ikawa ya kuchomeka kwenye televisheni ya nyumbani. Ilipowatajirisha Japani wakatamani Amerika. Wakapeleka watu wachache, wakakodi ghala, wakafungua tawi. Na tawi, lilipopata nguvu, likaanza kumjibu mama yake.

"Limemjibu nini?" nikamuuliza.

"Limesema sanduku hili dogo mno, huku hawatalinunua. Wakatengeneza jeusi, kubwa kama debe la biskuti. Na damu wakaitoa."

"Damu gani?"

"Hii hii. Ya kwako ukimpiga mtu anatema damu. Ya Amerika ukimpiga anatoka nyota kichwani."

"Kwa nini?"

"Wazee wa kule wanaogopa watoto wao kuona damu."

"Na kuona mtu anapigwa hawaogopi?"

"Hilo hawaogopi."

Tukacheka sana. "Lakini ni kampuni moja?" nikamuuliza.

"Moja, dada. Hilo la Amerika ni mtoto, huyu wa Japani ndiye mama."

Neno hilo la mama na mtoto ndilo lililoniponza.

Nilikuwa bingwa, sisemi uongo. Wanawake wa mtaa walikuja baada ya alasiri, wale wa Unguja na wale wa bara, na Waarabu wenyeji pia, wanavua buibui mlangoni na kukaa mkekani kama wanaokuja maulidini. Tukipigana kwenye televisheni, tukipigana na chini. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto saba, alining'ata mkono kwa sababu nilimuulia mtu wake. Nikamzaba kofi hata hereni ikaruka. Kesho yake akaja na sahani ya maandazi, akakaa pale pale, tukaendelea kuuana.

Aliyenishinda ni mmoja tu, binti yangu mkubwa. Huyo hakuwa na fujo. Alijificha nyuma ya nguzo iliyokuwa kwenye gemu, akamngojea adui apite, akampiga kisogoni. "Mama, weye unapigana kwa hasira," akinambia. "Ngoja kwanza."

Alipotimia miaka kumi na tisa akaolewa Nizwa. Mume mtu wa ofisini, mtanashati, Mwarabu wa huko huko, mama yake hajapata kuiona pwani ya Afrika hata kwenye picha. Nyumbani kwao ni Kiarabu tu. Binti yangu alimfundisha maneno mawili matatu ya kwetu: shikamoo, njoo, chai, nyumbani, piga, roho. Maana mwezi wa kwanza tu wa ndoa bwana alimletea mashine kutoka Maskati, ile nyeusi ya tawi la Amerika, wakicheza wawili. Nilifurahi. Nikasema mwanaume anayecheza na mkewe ana moyo mzuri. Jinga mimi.

Kaka akaenda tena Japani, akarudi na kaseti mpya ya gemu lile lile, wapiganaji zaidi, damu zaidi. Mimi nikaona niipeleke Nizwa iwe zawadi. Sikumuuliza. Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi: kama hilo la Amerika ni mtoto, basi titi la mama yake haliwezi kulikataa. Nikaifunga kaseti kwenye kanga mpya pamoja na halua, nikampa dereva wa teksi anayekwenda Nizwa.

Haikuingia. Mdomo wa mashine ya Amerika waliufanya mwingine makusudi, kaseti ya Japani isiingie. Mama na mtoto, na wamefungiana milango. Mkwe wangu akadhani nimemcheza shere mbele ya wageni aliowaalika kuja kuitazama. Akachukua kisu cha nyama, akautanua mdomo wa mashine, akaipigilia kaseti kwa kiganja. Moshi ukatoka.

Hayo alinambia binti yangu kwa simu. "Mama, mashine imekufa."

"Na mumeo?"

"Amekasirika kidogo."

Nikasema ah, sanduku tu, atanunua jingine. Nikakata simu.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nakata vitunguu, simu ikalia. Ni yeye. Sauti ndogo, imenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje?"

"Tunacheza, mama. Mume wangu yuko hapa. Roho zimenibakia moja."

"Moja! Weye?"

"Mbili keshazitoa."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, kisu mkononi. "Basi jifiche nyuma ya nguzo, mshenzi we! Si wewe uliyenifundisha?"

"Ndiko niliko, mama," akasema. Simu ikakatika.

Kaka yangu aliingia kunywa chai, nikamhadithia, ninajifuta machozi ya vitunguu na ya kicheko. Yeye hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Dada. Wanacheza na nini?"

"Na mashine yao."

"Mashine yao si imeungua?"

Kisu kikaniponyoka. Neno "piga" yule mwanaume analijua. "Nyumbani" analijua. Neno la roho pia analijua, lakini kwake yeye roho ni ya gemu, amefundishwa barazani kwake na mke wake. Mwanangu alilisema neno hilo mbele ya uso wake, akapita nalo, akanifikishia mimi. Na mimi nikamcheka.

Mume wangu alikuwa kazini Maskati, harudi mpaka Alkhamisi. Nilikuwa na leseni na nilikuwa na pikapu. Tukaondoka kabla ya adhana ya adhuhuri, mimi kwenye usukani, kaka ubavuni.

"Polepole, dada, utatuua."

"Nyamaza. Tazama mbuzi."

"Ukifika usianze fujo. Yule mkweo. Mtu na mkwewe wana heshima."

"Heshima nitaishusha kwanza, kisha nitaingia."

Tukapinda Bidbid, tukapita Izki, hatukushuka hata kunywa maji. Alasiri tuko Nizwa. Kaka akabaki kwenye majlisi ya wanaume, mimi nikaingizwa kwa wanawake, na mama mkwe wa mwanangu akanipokea, bibi mrefu, usoni barakoa ya kitambaa ya wanawake wa kule, mgongo haujapinda. Akaleta tende. Akamimina kahawa kwenye kikombe, akanipa kwa mkono wa kulia. Nikakipokea, nikakiweka chini mkekani, sikukigusa tena.

Kila mtu Oman anajua maana yake. Mgeni akiiweka kahawa chini ana haja, na hanywi mpaka apewe. Wanaume ndio wanaofanya hivyo, katika mambo ya damu na ardhi. Sijapata kumuona mwanamke akifanya. Bibi yule akakitazama kikombe.

"Yaa ukhti, dada yangu, una haja gani?"

"Mwanangu."

"Yuko ndani, ana homa."

"Akae hapa ubavuni mwangu, ndipo nitajua ana nini."

Akaitwa. Uso wake ulikuwa safi, kama nilivyomuoza, hata mkwaruzo hana. Lakini alitembea kama mwanamke aliyejifungua jana, na alipoinama kunibusu mkono nikamwekea kiganja mgongoni, akalia kwa sauti ya mnyama. Nikaifunua kanzu yake pale pale. Kuanzia chini ya kwapa mpaka kiunoni ngozi ilikuwa nyeusi na njano. Alimpiga kama lile tawi la Amerika, pasionekane damu.

Mume akatokea mlangoni. Kapiga pasi dishidasha, kanzu yao ya kule, kajirashia manukato. "Shikamoo, mama," akanambia kwa Kiswahili, na akatabasamu.

Sikuitikia. Akamgeukia mkewe, akamwambia kwa Kiarabu aingie ndani. Hakuinuka. Akamshika mkono, akamvuta, na pale alipomvuta nikasikia kitu kimelia ndani ya mbavu za mwanangu.

Dele la kahawa lilikuwa karibu yangu, la shaba, limejaa, limetoka motoni. Nililishika kwa tumbo lake, si kwa mkono wake, ngozi ya kiganja ikabakia pale, na nikampiga nalo taya. Kahawa ikammwagikia shingoni. Akapiga kelele, akanipiga teke la tumbo, nikaanguka juu ya sinia la tende. Kaka alisikia, akaingia bila hodi. Wakakamatana. Kaka yangu hakuwa mtu wa vita, mtu wa waya na koleo, akavunjwa kidole mara moja, lakini alimng'ang'ania miguu asiachie, na mimi nikainuka na dele langu, nikampiga la pili sikioni, na la tatu. Sikuwa nahesabu roho zake. Nilitaka afe. Nasema leo, ni mzee, nimeshahiji: siku ile nilitaka afe.

"Khalas!"

Ni mama yake. Hakuwa amesogea mahali pake. Sote tukasimama, hata mimi.

Akainama, akakiokota kikombe changu. Katika vurugu lote lile kilikuwa wima, kahawa imo. Akanipa kwa mkono wa kulia.

"Kunywa," akasema. "Mchukue."

"Na talaka," nikamjibu. "Bila talaka sinywi. Atakuja kumfuata."

Akamtazama mwanawe. Alikuwa kakaa chini, damu inamchirizika kwenye ndevu mpaka kwenye dishidasha nyeupe. "Mama," akaanza kusema, "huyu mwanamke amenipiga nyumbani kwangu—"

"Sema," mama yake akamwambia.

Akaisema talaka, mbele ya mama yake na mbele ya kaka yangu. Ndipo nikanywa. Ilikuwa imepoa, kali, nikaimaliza mpaka machicha.

Tulimtoa mwanangu tukimshikilia huku na huku, tukamkalisha katikati ya pikapu. Mbavu mbili zimevunjika, hospitali walituambia baadaye. Kaka kidole chake kinaning'inia, mimi kiganja changu nyama tupu, nikakifunga kwa mtandio. Nikawasha gari.

Bibi akatoka mlangoni kwake na furushi la nguo za binti yangu. Akalipitisha dirishani, akaliweka mapajani mwangu. Akainua barakoa kidogo, nikauona uso wake kwa mara ya kwanza, na akajigusa ubavuni, upande wa kushoto.

"Baba yake alinipiga hapa," akasema. "Hapa hapa. Hakuna aliyekuja."

Nikamwambia apande, nafasi ipo nyuma.

Akanitazama kama nimemwambia neno asilolijua. Kisha akashusha barakoa yake, akarudi ndani kuokota vikombe.