Matawi kwenye Njia ya Kushoto

Barabara ile ilipojengwa, kabla sijazaliwa, ilikuwa na njia tatu kila upande, na pembeni bega pana la lami, mahali pa kusimamisha gari likiharibika. Nilipokuwa sekondari walikuja mafundi, wakapanga koni maili kwa maili, wakaligeuza bega kuwa njia ya nne, kwa sababu magari yalikuwa yameongezeka. Tukiwa kwenye foleni ya ujenzi huo, baba aliuliza, "Sasa mtu gari likimfia ataenda wapi?" Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba wataalamu wamelifikiria hilo.

Mwaka jana, mchana wa Jumapili, lilitufia sisi. Tulikuwa tumetoka kwetu Thamesmead, London, kwenda kumwona dada yangu aliyejifungua. Injini ilizimika, usukani ukawa mzito, na baba akalivuta gari hadi njia ya kushoto kabisa, ile iliyokuwa bega. Likasimama hapo hapo, katikati ya mbio za watu.

Tulitokea mlango wa kushoto, tukaruka ukingo wa chuma. Nikapiga 999, namba ya dharura. Mwanamke aliyepokea alikuwa mtulivu: watawasha alama nyekundu ya X kwenye bango lililo juu ya njia yetu kuifunga, sisi tukae nyuma ya ukingo, tusirudi barabarani kwa lolote.

Nilipogeuka, baba alikuwa anavunja matawi kichakani.

Kabla ya kuhamia London aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Huko gari likiharibika unalaza matawi barabarani nyuma yake, na kila dereva anayeyaona anapunguza mwendo.

"Baba, acha! Hapa hawajui hayo!"

"Macho si wanayo?"

"Wanakuja maili sabini kwa saa!"

"Ndiyo maana nayapeleka mbali."

Akaruka ukingo, akaenda akiambaa pembeni, matawi kwapani, koti likipepea kila lori lilipopita. Alizidi kuwa mdogo. Akainama, akalaza tawi la kwanza. Gari jeupe likapiga honi, likayumba, likampita karibu mno, na mimi nikaacha kusikia sauti ya kwenye simu.

Sikufikiri. Niliruka ukingo, nikaanza kumfuata.

Aliponiona, matawi yalimponyoka. Mzee wa magoti mabovu akaja mbio, akinipungia mikono kama anayefukuza kuku. "Rudi! Nasema rudi, we mtoto!"

"Rudi wewe kwanza!"

Alinikamata ukosi, akanisukumia ng'ambo ya ukingo, naye akajitupa nyuma yangu. Tuliangukia miibani.

"Una wazimu?"

"Nimerithi."

Hakucheka. Lori moja lilikuwa limefika. Liliyasaga matawi, likahama njia hatua chache tu kabla ya gari letu.

"Hata hakupunguza," baba alisema polepole.

X ikawaka juu, magari yakaanza kuhamia upande wa pili. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ukosi wangu, na hakuuondoa hata gari la kutuvuta lilipowasili.