Kadi Moja kwa Likelemba Nzima

Shule niliiacha darasa la nne na sioni haya kusema. Matofali ya nyumba yangu hapa Manika, Kolwezi, nimeyachoma mwenyewe. Mabati nilinunua moja moja. Binti yangu nimemsomesha mpaka akapata diploma, kwa kuuza vitabu vilivyokwisha kusomwa, nimevitandika juu ya turubai kando ya soko. Kwa hiyo mtu asinifundishe biashara. Nilikuwa napenda kusema hivyo. Siku hizi sisemi.

Kifaransa nakisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na nikifika chini ya ukurasa nimeshasahau ya juu. Lakini vitabu navijua. Kila mtu aliyenirudishia kitabu ili abadilishe nilimuuliza, "Iko inasema nini?" Naye akanieleza, amesimama palepale na mfuko wake wa unga. Mteja wa pili akija, namsimulia. Ndivyo vitabu vilivyokaa kichwani mwangu, kila kimoja na sauti ya mtu.

Kabla ya vitabu nilikuwa kamisioneri. Kazi yenyewe ni hii: unamshika mnunuzi mkono, unamfikisha kwa muuzaji, wakipatana muuzaji anakutolea kitu. Hata mnunuzi akiondoka na kurudi peke yake siku ya tatu, bado ni mtu wako, maana alipita kwako. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, na anayeivunja amekwisha sokoni.

Binti yangu alikuwa karani mgodini Tenke, anaandika malori yanayoingia na kutoka. Jumamosi moja alikuja, akakaa nyuma yangu, akanisikia nikimsimulia mama mmoja kitabu. Akaanza kuandika. Baada ya wiki chache maneno yangu yalikuwa kwenye tovuti, kwa Kifaransa kizuri, na chini ya kila kitabu pana mahali pa kugusa.

"Tata, mutu akigusa hapa, anafika mu duka kubwa ya mabuku, kule inje. Akinunua, banatupatia kitu kidogo."

"Kumbe ni kamisioneri!"

"Njo vile, Tata."

"Basi hiyo kazi, mama, niliianza mbele ya weye kuzaliwa."

Mtu wa kwanza aliponunua, hatukujua hata ni wa nchi gani. Niliutangazia mstari mzima wa soko. Wiki ileile nikamwambia binti aache Tenke.

"Ile ya Tenke iko na mushahara, Tata."

"Mushahara ni kamba. Utahesabia batu malori yabo mpaka uzeeke?"

Aliniangalia sana. "Unaniapia?"

"Mi ni baba yako."

Akaacha. Hilo neno ni langu, na ninaliandika hapa lijulikane ni langu.

Duka lile halilipi kila mtu anaponunua. Linakuwekea mpaka kijae kipimo walichokiweka wenyewe, ndipo wanatuma. Kipimo chetu hakikujaa. Watu walisoma, wakasifu, wakaenda zao. Binti yangu aliandika toka asubuhi, akala kwangu kama mtoto wa shule, viatu vyake vikafunguka mbele akavishona kwa uzi mweusi. Siku moja dereva mmoja akanijia kwenye turubai akicheka: "Tata, kiti ya binti yako kule Tenke, banakwisha kuipatia mwingine." Nilicheka naye. Nilipobaki peke yangu nilikaa chini.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu.

Sisi wa ule mstari tuna likelemba. Kila mwezi wote tunatoa, mmoja anachukua yote, mwezi ujao mwingine. Mtunza sanduku ni mimi. Nikawaambia: anayechukua zamu yake, atoe kidogo, anunue kitabu kwa kupita kwetu.

Mama anayeuza samaki akauliza, "Mi sijue kusoma, Tata. Hiyo buku nitaifanyia nini?"

"Batoto batasoma."

"Inakuja na bisi gani, ao na lori?"

"Haikuje na bisi. Inaingia mu telefone."

"Telefone yangu iko ya bitufe. Itapitia fasi gani?"

Wakacheka mpaka machozi. Lakini alikubali, na wengine wakakubali. Nilisimama naye alipomzika mumewe. Ndani ya likelemba mtu hakukatalii.

Kadi ya benki sokoni kwetu nilikuwa nayo mimi peke yangu. Basi mtu wa zamu ananiletea franga zake, mimi nachukua simu yangu, nafungua tovuti yetu, nagusa mahali pale, nalipa kwa kadi yangu. Mwezi kwa mwezi. Walipoona ni rahisi, hata wasio wa zamu wakaleta. Sikuona ubaya wowote. Kamisioneri mzuri ni yule anayemtangulizia mteja aliyesahau pesa nyumbani. Nimelifanya hilo maisha yangu yote hapa Kolwezi, na watu walinisifu kwalo.

Binti sikumwambia. Nilitaka aone kipimo kimejaa, aseme Tata hakudanganya.

"Tata! Batu banaanza kununua!" Alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, anacheka kama alipokuwa mdogo.

Kipimo kilijaa. Badala ya pesa ikaja barua.

Aliisoma mezani, polepole, kisha akaanza tena kutoka juu. Uso wake ulinieleza kabla ya mdomo. "Banasema kadi iko moja. Telefone iko moja. Banasema tunajinunulia siye benyewe. Banafunga konti yetu kwabo, na bile byote bilijaa, habalipe." Akasukuma kiti. "Ni bongo! Tubaandikie, Tata, tuseme ni bongo, haiko kweli!"

Ningeweza kunyamaza. Angeandika, na jina lake lingebeba uongo wangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Weye?"

"Batu ba likelemba. Ni batu ba kweli, mama. Franga ni yabo."

"Na kadi?"

"Yangu."

Akaiweka simu chini kifudifudi. "Juu ya nini haukuniuliza?"

Jibu nilikuwa nalo tangu ujana wangu: mtu asinifundishe biashara. Badala yake nilitoa kadi mfukoni, nikaiweka kando ya simu yake.

Tuliwaandikia hata hivyo, tukaeleza likelemba ni nini. Utamwelezaje mtu wa nchi ambako kila mmoja ana kadi yake? Jibu lilirudi upesi, maneno yaleyale ya barua ya kwanza. Sidhani kuna binadamu aliyetusoma.

Alikwenda Tenke kuomba. Kiti kina mwenyewe. Sasa yuko Sandoa kwa shangazi yake, anapima unga wa muhogo kwa kopo, yeye na diploma yake. Jumapili hunipigia, ananisalimu kwa heshima yote, anauliza mgongo unaendeleaje. Tovuti haulizi. Ningependa anitukane.

Yenyewe bado ipo, aliilipia mpaka mwisho wa mwaka. Juzi mtu aliandika pale. Nilimsoma kwa kidole asubuhi nzima. Anasema alizaliwa Kolwezi, yuko mbali. Alikuta maneno yangu juu ya kitabu ambacho baba yake alikuwa akimsomea, akagusa, akakinunua. Asante, Tata, anasema, nimepita kwako.

Nikamwambia mama wa samaki. Akaacha kufukuza nzi.

"Sasa huyu si mutu wako? Umemuleta weye. Banakupatia nini?"

"Bule."

"Hata kidogo, Tata?"

Nilikunja turubai, jua likiwa bado juu. Ujumbe ule sijautuma Sandoa. Sijui niongeze neno gani langu.