Ukoo Usio na Mama

Huduma za afya zilipohamishwa kutoka serikali kuu hadi kaunti, niliombwa kusaidia kuandika mtaala wa kuwafundisha wauguzi na matabibu wa Isiolo kuhusu magonjwa ya kurithi. Nilikubali haraka, wala si kwa kuipenda kaunti. Kaka yangu alitahiriwa kwetu Kulamawe tukiwa wadogo, damu ikakataa kuganda, akatutoka siku ya tatu. Watu wa baba walisema mkosi umetoka upande wa mama. Kaka nilimkumbuka kila siku, lakini mama ndiye aliyebaki akilaumiwa, na nilitaka sayansi imwondolee lawama hiyo.

Zoezi la kwanza nililitunga mwenyewe: kila mmoja achore ukoo wake, mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Nikalipangia dakika ishirini. Wauguzi wanaume wa Garbatulla hawakuhitaji hata kumi. Walitaja babu baada ya babu, karatasi zikajaa miraba iliyofuatana kama ngamia wakienda kisimani. Duara hata moja sikuona.

"Kwani nyinyi mlizaliwa na nani?" nikawaka. "Huu ugonjwa wa damu kutoganda unapitia kwa mama!"

Muuguzi mmoja mpole akanijibu, "Mwalimu, sisi nyanya tulimuita nyanya tu. Hebu chora yako tuone."

Nikachora. Nilipofika juu ya mama, nikakwama. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wakati wa chai nikampigia mama simu, nikamuuliza jina la nyanya, na kama nyanya huyo alikuwa na ndugu wa kiume.

Akataja jina, kisha wajomba zake wawili. Wote walikufa wakiwa wavulana.

"Ilikuwa damu," akasema. Halafu akaongeza, "Basi walisema kweli. Ni mimi."

"Hapana, mama. Hukuchagua. Wewe pia ulipewa tu." Ndivyo mtaala ulivyotaka tuseme, na maneno hayo niliyaandika mimi. Masikioni mwangu yalikuwa makavu.

"Siku hizi dawa iko?"

"Iko. Mtoto anadungwa kabla ya kutahiriwa."

"Na akidungwa, anarudi nyumbani?"

Nilitamani kusema hapana. Ingemfaa zaidi kuamini kwamba mwanawe hakuwa wa kuokolewa.

"Anarudi, mama."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, akaniuliza kaka angekuwa na umri gani sasa. Nikamwambia miaka, na miezi pia, kwa kuwa sikuwahi kuacha kuihesabu.