Kinyungu cha Bibi

Harufu ya udongo mbichi wakati wa kiangazi bado hunirudisha Igowole. Vilima vilipokauka, bondeni kulibaki unyevu, na huko kila ukoo ulikuwa na kinyungu chake, matuta ya mboga na mahindi kando ya kijito, yasiyongoja mvua. Bibi, mama yake mama, alishuka huko kila asubuhi umande ukiuma miguu, nami nyuma yake mwaka ule nilioishi kwake. Tulirudi na mnavu na majani ya maboga, tukala na maharage. Jirani yake alizoea kumtania njiani, "Wewe na hicho kinyungu mmefunga ndoa?" Bibi alijibu bila kusimama, "Ndiyo, na chenyewe hakinywi pombe."

Mvua zilipokaribia alikuja mjomba kutoka Iyunga, kule Mbeya. Alikuwa amejenga nyumba kando ya barabara kuu, ua wote saruji. Kwetu mtoto aliyefanikiwa humpumzisha mama yake. "Mama, umelima vya kutosha. Twende ukapumzike." Bibi akauliza, "Nani kakwambia nimechoka?" Mjomba akainamisha kichwa. "Watu wananicheka, mama." Kukataa aliweza, lakini kuvumilia mwanawe achekwe hakuweza. Akafunga khanga zake, mimi nikarudishwa kwa wazazi.

Shule zilipofungwa tulienda kumsalimia. Tulimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, mbele yake chai ya maziwa na mkate wa siagi, malori yakimpulizia moshi. Aliinama akapapasa sakafu. "Huku mboga wanapanda wapi?" Mjomba akambembeleza, "Kaa tu, mama, usijisumbue." Mazoea yana taabu. Mwili uliozoea kuinama na kupanda kilima haukujua la kufanya na kiti. Mvua zilipokwisha hakuweza tena kufika mlangoni bila kushikwa, na baridi ya Juni ikamchukua. Msibani waombolezaji walisema, "Mama amepumzika." Kwa neno hilo mjomba alitoka nje, akalia peke yake.

Mtembezi hula miguu yake, nami nimekula yangu kutoka Madibira hadi Mufindi nisipate pa kutulia. Mwaka jana nilipita Igowole. Bonde limepandwa mikaratusi hadi ukingoni, kijani kuliko zamani, na kijito hakuna. Kwenye baraza moja alikaa mwanamke wa umri aliokuwa nao bibi. Nilimwuliza mboga wanalima wapi siku hizi. "Tunanunua, zinaletwa na pikipiki," alisema, akaendelea kusugua magoti yake.